Maji Yaliyosimama Nyuma ya Nyumba ya Baukje

Asubuhi ya Jumatatu Baukje Nauta, fundi baiskeli wa kijiji cha Lutketerp, alitoa tyubu ya gurudumu la nyuma la baiskeli ya Bi Sietske, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye karai aone pancha iko wapi. Tyubu haikuzama. Aliikandamiza kwa viganja vyote viwili, ikabaki juu. Alipogonga ukingo wa karai, maji yalitikisika yote kwa pamoja kama maziwa mgando, kisha yakatulia.

Bi Sietske, mwalimu mstaafu wa kuogelea, alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja na mkoba wake mapajani. Aliyatazama maji hayo kwa utulivu. Katika kazi yake alikuwa ameona maji mengi yasiyotii.

"Yameganda," alisema.

"Naona," alijibu Baukje.

"Baiskeli itakuwa tayari lini?"

"Keshokutwa."

"Si uliniambia kesho?"

"Kesho hiyo ilikuwa na maji, Bi Sietske."

Baukje aliligeuza karai juu ya meza. Maji yakatoka mazima, duara, yenye alama ya chapa ya karai tumboni. Mumewe, Oene, ambaye alikuwa nyumbani kwa likizo ya vuli, aliitwa ayatupe. Aliyabeba hadi kwenye mapipa ya takataka na kusimama hapo kwa muda mrefu, kwa kuwa kijijini Lutketerp kila takataka ina pipa lake na anayekosea husemwa. Hayakuwa karatasi, hayakuwa plastiki, na hayakuwa maganda ya viazi. Mwishowe aliyaweka chini ya ua, akayafunika kwa majani.

Wakati huo Baukje alikuwa ameketi akiusugua mguu wake wa kushoto. Ulikuwa umevimba tangu juzi, na ngozi yake ilikuwa na michoro ya zambarau iliyopishana kama wavu wa samaki. Wavu huo alikuwa nao kwa miaka mitatu.

Daktari wa kijiji, Bwana Ter Laan, alikuwa mtu mwema. Jambo hili lazima lisemwe mapema, maana baadaye linaweza kusahaulika. Kwa maumivu ya kichwa alimpa Baukje paracetamol. Kwa mguu alimpa paracetamol. Kwa ule wavu alimshauri avae soksi ndefu. Na mara mbili, Baukje alipopoteza mimba kabla mtoto hajapata jina, Daktari Ter Laan alimshika bega, akasema maumbile yanajua kazi yake, akampa paracetamol. Katika nchi ile mtu haingii hospitali mpaka daktari wa kijiji amwandikie barua, na Daktari Ter Laan alizitunza barua zake kama bibi anavyotunza vikombe vya harusi: kwa wageni ambao hawajafika bado.

Jumanne mtaro ulio nyuma ya nyumba ya Baukje uliganda.

Hili lilikuwa jambo zito. Kijiji cha Lutketerp kiko chini kuliko bahari, na kila mtoto hujua, kabla hajajua kufunga viatu, kwamba maji yakisimama huku, bahari itakuja kuuliza kuna nini. Kwa hiyo kila nyumba ina mtaro wake, na kila vuli mkaguzi wa Bodi ya Maji hupita na fimbo kuangalia kama mtaro umesafishwa. Mtu anaweza kuacha kanisa, anaweza hata kumwacha mkewe, na bado kijiji kitampa kahawa. Mtaro hauachwi.

Bata walikuwa wa kwanza kujua. Walitembea katikati ya mtaro kwa mstari, wakiwa na nyuso za abiria walioshushwa kabla ya kituo. Wa pili alikuwa Hylke, jirani wa upande wa pili wa ua.

"Jirani!" aliita. "Mtaro wako umesimama."

"Najua, jirani. Hata mguu wangu umesimama."

"Mguu ni wako, Baukje. Mtaro ni wetu sote."

Alisema bila ubaya. Hata alimwazima Oene beleshi. Oene alikata maji hayo vipande vipande, akavipanga ukutani kama matofali. Kwa juu vilikuwa vya kijani. Kwa ndani vilikuwa vyekundu vya kukolea, na vilinuka kama ufunguo uliolowa. Kufikia saa sita mchana mtaro ulikuwa tupu. Kufikia saa tisa maji mapya yalikuwa yameingia, nayo yakaganda.

Jioni walikula supu ya njegere. Supu hiyo ni nzuri ikiwa kijiko kinasimama chenyewe ndani yake, na cha Oene kilisimama wima.

"Supu yako na mtaro wako ni ndugu wa tumbo moja," alisema.

Baukje alicheka, na kicheko kikamchoma chini ya mbavu. Akaweka mkono pale, akangoja kipite. Hakikupita.

"Rudi kwa daktari," alisema Oene.

"Nilikwenda jana. Kasema ni msongo wa mawazo."

"Mawazo gani?"

"Nilimuuliza. Akasema nisiyawaze."

Oene alichomoa kijiko chake, akakiangalia, akakirudisha.

"Oene, kitu hiki kinapanda," alisema Baukje. "Jana kilikuwa mguuni. Leo kiko mbavuni. Kikifika moyoni nitakufa, na wataandika kwenye kaburi langu kwamba nilikuwa nimechoka."

"Siwezi kuruhusu hilo," alisema Oene. "Jiwe la kaburi ni ghali, haliandikwi uongo."

Walimaliza supu. Kisha alimvua soksi, akampasha miguu joto mapajani mwake mpaka taarifa ya habari ilipoisha.

Jumatano ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Oene. Viti vilipangwa sebuleni kwa duara, wageni wakakaa, na kila aliyeingia aliwapa mkono watu wote waliokuwapo na kuwapongeza kwa kuwa Oene amezaliwa. Walimpongeza Baukje kwa mumewe. Walimpongeza Hylke kwa jirani yake. Bi Sietske, aliyekuwa hana uhusiano wowote wa kutajika na Oene, alipongezwa hata hivyo, akashukuru. Kila mtu alipewa kahawa moja na biskuti moja, kisha kopo la biskuti likafungwa, kama inavyotakiwa.

Baukje alipokuwa akimimina kahawa, maumivu yalimshika kiunoni upande wa kulia. Wakati huo huo bwawa la kanisa liliganda, lakini hakuna aliyelitazama. Kisha upande mmoja wa mdomo wake ukalegea, na maneno yakatoka yakiwa yameshikana.

Daktari Ter Laan alikuwa kwenye kiti cha dirishani na kipande cha keki.

"Daktari," alisema Baukje polepole, "jicho hili halioni vizuri."

"Umechoka, Baukje. Sherehe huwachosha sana kina mama."

"Na mdomo wangu umelala."

"Unaona? Umekutangulia kitandani." Wageni walicheka, maana alikuwa na ucheshi wake. "Kunywa paracetamol, upumzike. Uchovu usipopungua baada ya wiki mbili, tuonane."

"Huwezi kuniandikia barua ya hospitali?"

"Hospitali imejaa wagonjwa, Baukje," alisema daktari kwa upole, akakata keki yake kwa uma.

Hapo Hylke, ambaye shingo yake ilikuwa ndefu kwa kazi ya kuchungulia, alisema kutoka kwenye kiti chake: "Bwawa la kanisa nalo limesimama."

Duara lote lilinyanyuka kwa pamoja. Bi Sietske alisema baadaye kwamba hajapata kuona watu wakiondoka haraka hivyo kwenye sherehe ya kuzaliwa huku kahawa ikiwa bado ipo. Watu wanne walipiga simu Bodi ya Maji, na mkaguzi, ambaye alitarajiwa Ijumaa, alifika kabla vikombe havijapoa.

Wobbe Kingma alikuwa mkaguzi mrefu, mwenye kofia na fimbo ya kazi, na hakuwa na tabia ya kuficha ukubwa wa cheo chake. Kuhusu magonjwa hakujua chochote. Aliwahi kuzimia kwa kuona kidole cha mtu kimekatwa na kisu cha jibini. Alichomeka fimbo kwenye mtaro wa Baukje. Ikasimama yenyewe.

"Hm," alisema Wobbe.

Kijiji kikasogea karibu. Kwa kawaida Wobbe hakusema neno mpaka ukaguzi uishe.

Desturi inataka mwenye mtaro uliosimama afuatane na mkaguzi ukingoni mwa maji hadi mwisho, ili aone aibu yake yote. Basi Baukje alifuatana naye, akimwegemea Oene, na wageni wakafuata nyuma na vikombe vyao. Wakapita bwawa la kanisa, palipokuwa na mbwa amelala katikati. Wakapita mfereji mkubwa, na kila aliposimama Baukje kupumua, maji yaliyokuwa kando yake yalipunguza mwendo, yakakunjamana, yakakaza. Hatimaye wakafika kwenye kituo cha pampu, ambapo maji ya kijiji kizima huinuliwa na kumwagwa baharini.

Pampu ilikuwa ikipiga kwa sauti yake ya siku zote. Baukje alijishika kifua. Pampu ikaruka pigo moja.

Baukje akavuta pumzi. Pampu ikaendelea.

Wobbe aligeuka. "Mama, hebu zuia pumzi kidogo."

Baukje akazuia. Pampu ikasubiri.

"Asante. Pumua."

Pampu ikapiga.

"Kizuizi ni huyu mama," alisema Wobbe.

Watu walitikisa vichwa kukubali. Mambo sasa yalikuwa wazi, na Hylke alimsogelea Baukje akamwambia kwamba kwa upande wake lile neno la jana kuhusu mguu analifuta.

"Ni msongo tu," alisema Daktari Ter Laan.

"Pampu haina msongo, daktari," alisema mkaguzi.

Wobbe alivua kofia, ishara kwamba sasa ilikuwa sheria inayozungumza. Sheria ya maji ni ya zamani kuliko kanisa, na inasema kwamba kizuizi kikionekana lazima kizibuliwe kabla jua halijatua, na yeyote anayejua kukizibua. Aliuliza ni nani huzibua kitu cha namna hii.

"Hospitali," alisema Oene.

"Basi aende hospitali."

"Hana barua yangu. Nimemwambia asubiri wiki mbili," alisema daktari.

"Mimi sikukuuliza habari za mama, daktari. Nakwambia habari za maji. Ukitaka tusubiri hizo wiki mbili, sema tu, nami nitawatangazia watu wapande juu ya mapaa."

Daktari Ter Laan aliangalia viatu vyake. Zahanati yake ilikuwa mahali pa chini kuliko pote kijijini. Aliandika barua hapo hapo, akiegemeza karatasi kwenye mgongo wa Hylke, na mwandiko wake ulikuwa mzuri sana.

Baukje alipelekwa mjini kwa lori la Bodi ya Maji, lile la kubebea magugu, kwa kuwa kizuizi kikishapatikana ni mali ya Bodi mpaka kizibuliwe. Walimtandikia turubai safi. Oene alipanda nyuma pamoja naye, akakaa juu ya lundo la nyavu na kumshika mkono, ambao ulikuwa baridi kama mpini wa sepetu.

"Siku yangu ya kuzaliwa imenoga," alisema. "Kwa kawaida huwa tunaishia kwenye keki."

"Zawadi yako iko kabatini," alisema Baukje kwa ule mdomo wake wa upande mmoja. "Ni soksi."

"Ulipaswa kunificha."

"Nisipofika, ujue zilipo."

Oene alivua koti lake akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha mkewe. Nyuma yao, kadiri lori lilivyokwenda, mitaro ya barabarani iliganda mmoja baada ya mwingine, na ng'ombe wakavuka kwenda malisho ya watu wengine.

Hospitalini hakuna aliyemwambia asubiri. Walichukua damu kwa sindano, na damu ikaganda ndani ya sindano, wakachukua nyingine. Wakampitisha kwenye mashine za kupigia picha. Kisha akaja daktari bingwa, mwanamke mfupi aitwaye Buwalda, akavuta kiti, akakaa.

"Mwili wako una walinzi," alisema. "Kazi yao ni kukamata wezi. Walinzi wako wamemkosea mwenye nyumba, wanamkamata yeye. Ndiyo maana damu yako inaganda kila mahali kwa wakati mmoja: mguuni, kwenye figo, kwenye mapafu, kichwani, na sasa iko mlangoni mwa moyo. Ni ugonjwa adimu sana. Ungengoja wiki mbili, tusingekuwa tunaongea."

Baukje alifikiri. "Na wale watoto wangu wawili?"

Daktari Buwalda hakutazama saa. "Inaelekea sana ni walinzi hao hao. Halikuwa kosa lako, dada. Wala hukuwa umechoka."

"Sema tena."

"Halikuwa kosa lako. Wala hukuwa umechoka."

Oene alitoka akasimama ukumbini, akaangalia tangazo linalofundisha namna ya kunawa mikono, akalisoma lote.

Walimpa dawa ya kuzuia damu isigande na dawa ya kuwatuliza walinzi. Kisha wakaipitisha damu yake kwenye mashine, ambayo ilitenga yale maji ya damu yenye rangi ya majani makavu, walimokuwamo walinzi wabaya, ikamrudishia damu na maji mengine safi. Kazi hiyo ilirudiwa kwa siku kadhaa. Kila mfuko ulipojaa na kuondolewa, kipande kimoja cha maji ya Lutketerp kililegea: kwanza mfereji, kisha bwawa la kanisa, ambapo mbwa aliamka amelowa akarudi nyumbani kwa hasira. Mwisho ulilegea ule mtaro wa nyuma ya nyumba. Bata waliokuwa wamesimama katikati walizama ghafla hadi kifuani, wakaendelea kuogelea kana kwamba ndivyo walivyokuwa wamepanga.

Baukje alirudi nyumbani kabla ya baridi kuu. Mdomo wake ulinyooka. Jicho lilirudi karibu lote. Lililobaki halikumzuia kuona pancha. Dawa ya damu atainywa maisha yake yote, na kila wiki hujichoma kidole kwa kimashine kidogo kuona kama damu ni nyepesi ya kutosha. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, mtaro hukimbia, na Hylke hupiga simu.

"Jirani, punguza. Umenichukulia reki."

"Samahani, jirani. Nimekula vibaya jana."

Mwaka huo zawadi ya mtaro unaotiririka vizuri kuliko yote ilikwenda kwa Baukje. Zawadi hiyo ni mkate wa sukari. Wobbe Kingma aliukabidhi kwa hotuba kuhusu maji, ambamo Baukje alitajwa mara moja, kama chanzo. Baukje aliukata mkate mezani, wakala vipande vinene vyenye siagi, Oene akiwa amevaa soksi zake mpya, na jioni nzima walisikia maji yakipita nje, wakafurahi kama watu wawili waliorudishiwa nyumba yao.

Daktari Ter Laan naye alikuja, na maua. Alikwenda moja kwa moja hadi ukingoni mwa mtaro, akautazama ukitiririka, akaridhika.

"Tunaendelea vizuri," aliuambia mtaro. Kisha akamgeukia Baukje. "Nilijua tangu mwanzo kwamba kuna kitu."

"Ulisema ni msongo."

"Msongo nao ni kitu," alisema daktari, akampa maua.

Majira ya kuchipua yalipofika, Bi Sietske alianza kuishiwa pumzi kwenye ngazi. Yeye aliishi juu ya duka la mikate, mahali pasipo na mtaro. Kifundo chake cha mguu kilikuwa kimevimba, na usiku alilala ameketi. Alikwenda kwa Daktari Ter Laan, aliyemwambia kwamba ngazi ni ndefu na umri nao ni mrefu, akampa paracetamol. Alimuuliza pia kama kuna maji yoyote yaliyosimama nyumbani kwake. Bi Sietske alisema hana maji ila ya bomba, na hayo yanatoka.

"Basi, hakuna wasiwasi," alisema daktari.

Alhamisi, Bi Sietske alikwenda kwa Baukje, akavua viatu na soksi, akakaa ukingoni na kutumbukiza miguu mtaroni.

"Naazima tu," alisema.

"Azima, Bi Sietske. Maji hayaishi."

Alhamisi iliyofuata alikuja na mwanamke wa ghorofa ya pili mwenye maumivu ya kichwa, na mwingine anayeishi juu ya benki, ambaye mikono yake ilikufa ganzi tangu Krismasi. Baukje alitoa viti vya sebuleni, akavipanga kwa duara, nusu ya duara nyasini na nusu majini. Kila mtu alipewa kahawa moja na biskuti moja, kopo likafungwa. Waliongea habari za mkate, za reki ya Hylke, za nani anachelewa kufungua mapazia. Daktari Ter Laan alipita kwa baiskeli juu ya tuta, akapiga kengele, akawapungia mkono. Alifurahi kuona kina mama wanapumzika.

Baukje aliangusha unyasi majini, kama afanyavyo Wobbe akipima mwendo wa maji. Unyasi ulipita miguu ya mwanamke wa ghorofa ya pili. Ulipita miguu ya yule wa juu ya benki. Ulipofika kwenye miguu ya Bi Sietske ulipunguza mwendo, ukageuka kidogo, ukakaa.

"Yamesimama," alisema Bi Sietske.

"Naona," alisema Baukje.

"Kuna muda wa biskuti ya pili?"

Baukje alimsogezea kopo lote, akaweka kikombe chake chini nyasini, akawapigia simu watu wa Bodi ya Maji.